Kabla ya Kukubali Kwamba Filamu Yako Imekufa, Itazame kwa Hadubini

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba mkanda wa filamu ya milimita 8 alioachiwa na babu yake umerudishwa na fundi, kwa maelezo kwamba ni mweupe mtupu. Maneno hayo hayo niliwahi kuambiwa mimi kuhusu mkanda wa ami yangu, na sitaficha kwamba mpaka leo yananikera, kwa sababu fundi wangu alivuta kiasi cha urefu wa mkono, akakiinua kwenye taa ya dari, akanirudishia mzigo wangu.

Kodachrome, aina ya filamu ya rangi ya kampuni ya Kodak iliyoanza kuuzwa kwa kamera za milimita 8 mwaka 1936, ni filamu ambayo sehemu iliyounguzwa na mwanga haiwi nyeusi, bali hubaki wazi kama kioo. Mkanda wa kamera hizo ulikuwa na upana wa milimita 16 na urefu wa takriban mita 7.5, mpiga picha aliurekodi nusu moja, akaifungua kamera na kuugeuza ili arekodi nusu ya pili, na baada ya kusafishwa ulipasuliwa katikati na vipande vikaungwa. Ncha zake ziliuona mwanga kila kamera ilipofunguliwa, kwa hiyo weupe hutokea mwanzoni, mwishoni, na tena pale kwenye kiungo. Fundi asiyelijua hilo huhukumu mkanda mzima kwa ncha yake.

Mimi niliupitisha taratibu chini ya hadubini ya wanafunzi, kwa ukuzaji wa mara 40, ambao huonyesha karibu fremu nzima, yaani picha moja ya mkanda. Baada ya weupe ule ukaja ukungu wa rangi ya chungwa, kisha jahazi kwenye Bandari ya Kale ya Mombasa, na baharia ambaye wekundu wa pindo la kikoi chake ulikuwa haujapauka hata kidogo. Nilifurahi, na kusema kweli nilijivuna.

Ndugu zangu, tatizo la wengi wetu ni kukimbilia ukuzaji mkubwa, ilhali kinachofichua mambo ni mwanga. Taa ya chini huonyesha picha. Kurunzi iliyolazwa ubavuni huonyesha uso wa filamu, yaani kuvu, vumbi na michubuko. Mchubuko wa juujuu katika Kodachrome huonekana wa samawati kwa kuwa tabaka la manjano ndilo lililo juu, na uliopenya matabaka yote huwa mweupe. Kwa mara 400 utaona tu punje nyeusi za fedha, ikiwa filamu si ya rangi, au mawingu ya rangi yasiyo na kingo, huku lenzi ikikaribia kuukwaruza urithi wako. Tumia taa ya LED isiyochoma, kandamiza mkanda uliojikunja kwa kipande cha kioo, na usiupake kimiminika chochote. Mkanda ukinuka siki, ambayo ni dalili ya kuoza, utenge na mingine mara moja.

Msomaji wangu atazame pia ukingoni, kwani Kodak walichapisha alama za duara, mraba na pembetatu zinazotaja mwaka filamu ilipotengenezwa. Alama hizo hujirudia kila baada ya miaka 20, hivyo iliyo ya 1938 ni ya 1958 pia, na hapo atalazimika kuamua kwa kutazama magari na mavazi yaliyomo.