Tochi ya kulalia porini: usinunue ukali, nunua masaa

SWALI: Shikamoo anko. Mi msomaji wenu wa hapa Nyegezi, tunaenda Rubondo, kile kisiwa cha hifadhi Ziwa Victoria, watu wanne kulala kwenye mahema siku tatu, tumejichanga elfu themanini ya tochi. Muuzaji mmoja kaniambia nichukue moja ya mkononi imeandikwa lumeni 100,000 (kipimo cha wingi wa mwanga) eti inapiga kilomita tatu, mwenzangu anasema tusipoteze hela simu zinatosha. Nani mkweli hapo? (D., Nyegezi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakuna mkweli, ila huyo wa dukani ndo kazidi. Piga hesabu mwenyewe: taa ya LED inatoa kama lumeni 100 kwa kila wati, kwa hiyo lumeni 1,000 tu ni wati 10, na betri moja nzuri ya 18650 (ile nene ya milimita 18 kwa 65) ina nguvu ya kuendesha wati 10 kwa kama saa moja tu, yani ukiwasha full saa moja imekwisha na tochi imeshakuunguza kiganja, ndo maana nyingi zinajipunguza zenyewe baada ya dakika chache. Hiyo laki moja ingetaka wati 1,000. Hiyo pasi bana, sio tochi.

Sasa chukua betri hiyohiyo uiwashe kwa lumeni 30, inakesha na wewe usiku wote na wa kesho yake. Na lumeni 30 kambini zinatosha kusonga ugali, kutafuta kandambili, kufunga zipu ya hema. Tumesahau tu, pale Makoroboi mjini Mwanza jina lenyewe limetokana na koroboi, vile vitaa vya mafuta vya kopo, na mwanga wake hata lumeni 20 ni kuukadiria sana, ila watu walisomea mpaka wakafaulu.

Kwa hiyo mi ningezigawa hizo hela hivi: tochi za kichwani nne, kila mtu yake, alafu inayobaki tochi moja ya mkononi ya kushea. Ya kichwani inakuachia mikono miwili, jaribu kufunga kamba ya hema huku umeng'ata tochi mdomoni uone. Tafuta yenye mwanga mdogo kabisa na yenye taa nyekundu, na hii nyekundu watu wanaichukulia kama pambo wakati ndo ya muhimu, kwa sababu macho yanachukua dakika 20 mpaka 30 kuzoea giza na mwanga mweupe wa sekunde chache unakurudisha mwanzo, mwekundu hafifu hauharibu sana. Alafu kuna wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi. Wavuvi wa dagaa wanatoka na taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, kwa sababu taa ndo inavuta wadudu na dagaa. We ukiwasha taa nyeupe mlangoni kwa hema unajivulia wadudu mwenyewe, asubuhi unawala kwenye uji.

Ya mkononi kazi yake ni kuangalia mbali kabla hujatoka kwenda kukojoa. Rubondo viboko wapo, mamba wapo, hata tembo wapo, na kiboko usiku ndo anatoka majini kwenda kula majani. Mulika taratibu kuanzia ufukweni, macho ya mamba yanarudisha mwanga mwekundu kama kaa la moto. Ukiona kitu, rudi hemani, usijiweke kati ya kiboko na maji, na usidhani mwanga utamfukuza. Na askari wa hifadhi wakisema usitoke, usitoke.

Maji nayo. Angalia alama ya kuzuia maji: IPX4 inavumilia kurushiwa tu, IPX7 inakaa ndani ya maji mita moja kwa nusu saa, chukua hiyo ya pili maana mtapanda boti. Mimi nilikuwa na ile ya kuvuta kichwa mbele nyuma, ya kuzumu, niko kwenye mtumbwi kuelekea kisiwa cha Kome wimbi moja likaingia, taa ikafifia kama macho ya mgonjwa ikazima, nikashuka gizani nikakanyaga nyavu za watu nikatukanwa kisukuma na kikerewe.

Simu je? Iache izimwe, ihifadhi chaji ya kupiga ukipata shida. Ukipotea mulika kwa tochi, tatu fupi, tatu ndefu, tatu fupi, alafu pumzika, rudia.

SWALI: Betri nimeziona zimeandikwa 9900 mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) na bei poa, nichukue? (Msomaji wa Igoma)

JIBU: Acha. 18650 ya kweli inaishia kama 3500 mAh, inayozidi hapo sana ni maandishi tu. Iweke kwenye mzani wa duka, nzuri ina gramu 45 na kuendelea, feki inakuwa nyepesi kama imejazwa unga. Zichaji kwa chaja yake, usiziache kwenye gari juani, na ukisafiri legeza kifuniko cha nyuma cha tochi robo mzunguko, isije ikajiwasha ndani ya begi ukafika Rubondo imeshakufa.