Mikanda ya babu inanuka siki

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Marehemu babu ametuachia kamera ya sinema ya Super 8, ile ya zamani ya filamu, na mikanda alopiga Maulidi hapa Lamu, sasa kopo moja nikilifungua lanuka siki kali. Nitupe? Na kamera bado yafaa ama ishakuwa pambo tu, maana kila mtu ana simu?
Msomaji, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam. Usitupe kabisa! Hiyo siki ni plastiki ya mkanda, asetati, inaoza kwa joto na unyevu, na Lamu vyote viwili tunavyo tele. Ule mvuke wake huharibu na mikanda mingine so litenge hilo kopo leo leo, mengine yaweke pakavu penye baridi, na huo unaonuka usiupitishe kwenye projekta, mkanda ulosinyaa huchanika kwenye vile vitundu vya pembeni. Tafuta mtu wa kuuskani picha moja moja, na ukishaskani ile mizima iweke tu, diski za kompyuta zenye nakala nazo hufa ghafla.

Kamera yafaa sana. Fujifilm waliacha kutengeneza filamu za kupigia sinema 2013 lakini Kodak wapo, na kaseti za Super 8, zilizotoka 1965, wauza mpaka leo. Moja ina mita 15, kwa picha 18 kila sekunde wapata dakika 3 na sekunde 20 basi. Ni ghali, na kaseti ukishaipiga utaituma ng'ambo wakusafishie picha, lakini wallahi mimi naupenda huo ufupi, wakufanya uangalie kwanza ndo ubonyeze. Kabla hujanunua kaseti fungua pale pa betri uone kama hapajala kutu.