Mtoto kunyolewa akiwa kwa babake
Pole dadangu, wasema mwana kaenda kwa babake Likoni wikendi karudi kanyolewa kipara na hukuulizwa, najua yauma, mimi wangu alirudi katogwa masikio, damu imekauka kwa hereni, walahi nililia. Lakini nywele zitaota, usimkatie kwenda kwa babake kwa hilo. Katiba ya Kenya ya 2010 kifungu cha 53 yawapa mama na baba jukumu sawa, basi shule, matibabu makubwa, safari za mbali, hayo ndo ya kukaa mkaelewana. Nendeni kwa afisa wa watoto muandikiane makubaliano, si lazima mfike korti ya watoto ya Tononoka, Mombasa. Na tafadhali usimuhoji mtoto mlangoni, begi bado liko mgongoni.