Tumbo linauma: kabla hujaandika omeprazoli (dawa ya vidonda vya tumbo)

Wadogo zangu mnaoanza kukaa OPD (idara ya wagonjwa wa nje), tumbo mtaliona hadi mlichoke. Mengi ni gesi, minyoo, kuhara. Mgonjwa anapata dawa, anaenda zake. Ninaowahofia ni wachache waliomo kwenye foleni hiyohiyo, ambao mtu alishawaandikia "vidonda vya tumbo" na wewe unanakili tu.

Anza na nguo. Mvulana wa miaka 14 aliyeshikwa ghafla na tumbo la chini alfajiri, akatapika, hataji korodani mbele ya mama yake. Mwombe mama atoke kidogo, kisha mwangalie. Ukikuta korodani moja imepanda, imevimba na hataki uiguse, ichukulie kuwa imejisokota. Akifanyiwa upasuaji ndani ya saa 6, kwa kawaida inapona. Akilala nayo hadi kesho, mara nyingi inaondolewa. Mambo ya kupima mkojo na kusubiri ultrasaundi ya mchana achana nayo, piga simu ya rufaa.

Bibi anayetapika huku tumbo limejaa naye afunguliwe kitenge hadi kwenye kinena. Ngiri ya paja inaweza kuwa ndogo kama ndimu, imejificha kwenye mkunjo wa ngozi, na mwenyewe hana habari nayo.

Mwanamke wa umri wa kuzaa ni UPT (kipimo cha mimba cha mkojo), hata akiapa kwamba siku zake hazijapita. Hilo mmeshafundishwa.

Mtoto wa miezi 6 analia kwa vipindi, anakunja miguu, kisha ananyamaza amelegea na kupauka. Ikija kamasi yenye damu, wengi hukimbilia antibiotiki ya kuhara damu, kumbe utumbo umeingia ndani ya utumbo. Mpapase akiwa ametulia. Huenda ukagusa uvimbe.

Anayenisumbua zaidi ni mgonjwa wa moyo anayegaagaa kwa maumivu, nawe ukibonyeza tumbo ni laini. Hapo ulaini si habari njema. Shika mapigo. Yakienda ovyoovyo, fikiria damu iliyoganda imetoka moyoni ikaziba mshipa wa utumbo. Widal (kipimo cha damu cha homa ya matumbo) haitakuambia lolote.

Yeyote kati ya hawa mpe dawa ya maumivu; ile hofu ya kumfichia daktari wa upasuaji dalili imepitwa na wakati. Asile wala kunywa, dripu iende, na kwenye fomu ya rufaa andika saa maumivu yalipoanza. Saa aliyofika kwako haitoshi.