ULIZA SHANGAZI: Namfuata mwimbaji wangu mpaka Bagamoyo

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie ni mama wa watoto watatu, niko Makorora hapa Tanga, asubuhi nauza vitumbua na chai. Kuna mwimbaji mmoja wa taarabu, jina nalibana maana mashoga zangu wote wanasoma hii safu, nampenda tangu enzi za kaseti, nyimbo zake nazijua mpaka pale anapovuta pumzi. Ila laivu sijawahi kumuona hata siku moja. Mara ya mwisho alipokuja Tanga nilikuwa na siku tisa tu toka nijifungue, nimelala ndani nasikia spika kwa mbali nalia. Sasa nasikia atapiga Bagamoyo Jumamosi moja mwezi ujao. Mume wangu hajakataa ila anacheka tu, eti mtu mzima unapanda basi kumfuata mtu asiyekujua. Nimedunduliza laki na nusu. Nitafikaje, na nikifika nimtunze shingapi nisionekane mshamba?
Shabiki Sugu, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Mume mwache acheke, mbona wenyewe wanaifuata Coastal Union mpaka mikoani na hakuna mchezaji hata mmoja anayewajua. Tena sisi watu wa Tanga taarabu tusionewe ushamba, hapa ndio palipokuwa na Black Star na Lucky Star zilizopiga taarabu kwa magitaa na besi mpaka Afrika Mashariki nzima ikasikia, na Bi Shakila Mungu amrehemu alizaliwa hapo Pangani tu. Kwahiyo wewe huendi kushangaa, unaenda kukagua.

Njia sio ngumu. Ramani ya simu inaweza kukuonesha Pangani na Saadani ukaona ndio karibu, usiifuate, wewe panda basi la Dar la asubuhi linalopita Muheza, Segera, Mkata, ukishavuka Wami jiandae maana Msata iko mbele. Muulize konda kabla hujalipa kama gari linakata Msata kupitia Bagamoyo, yapo yanayofanya hivyo, kama halipiti shuka pale Msata utafute gari ndogo, ni kilomita 64 na ni lami tupu. Na gesti uweke oda mapema kwa simu, hasa kama shoo yenyewe imeangukia siku za tamasha la pale chuo cha sanaa, TaSUBa, mji ule mdogo unajaa mpaka watu wanalala kwa wenyeji.

Sasa kwenye kutunza ndio nataka unisikilize vizuri, maana hapo ndipo mie niliposhikwa.

Mwaka mmoja nilitoka Tanga kwenda Dar kwa ajili ya mwimbaji wangu (na mie silitaji, tuko sawa), tiketi imeandikwa saa mbili usiku na mie saa mbili kasoro nimeshakaa kiti cha mbele na gauni la sare nililoshona la kwangu peke yangu, sare ya mtu mmoja jamani. Saa tatu wanafunga spika. Saa nne anapanda binti chipukizi anaimba vizuri nikaona nimtie moyo, nikaenda na elfu mbili, akaja wa pili nikaenda tena, wa tatu akaimba wimbo ambao ulikuwa unamsema jirani yangu wa wakati ule kabisa neno kwa neno, hapo nilienda mara nne narudi na kwenda kama nachota maji. Saa saba usiku kipenzi changu ndio anatokea, ukumbi mzima umesimama, nafungua pochi nakuta nauli ya kurudia tu. Nilienda mbele mikono mitupu nikacheza, akaniangalia akatabasamu, nikarudi kukaa. Mpaka leo ile tabasamu naionea aibu.

Nyota anapanda mwisho mwanangu, hilo halibadiliki. Kwahiyo mchana lala, usiku ingia saa nne umeshakula. Nauli ya kurudi ifunge kwenye ncha ya kanga, hiyo hesabu kama haipo. Ukishatoa gesti, kiingilio na chakula (samaki wa kukaanga usiache, Bagamoyo wanajua) tenga elfu ishirini ya tunza na uivunje yote iwe noti za buku buku kabla hujatoka Tanga, ukumbini hakuna chenji. Mia tano siku hizi ni sarafu, huwezi kumtunza mtu kwa sarafu, utampiga nayo. Na ya kwenye simu haitunzi. Subiri ule ubeti unaokugusa wewe, inuka taratibu, cheza mpaka jukwaani, mpe mkononi moja moja usiwe na haraka, hizo sekunde ndio umetoka nazo Tanga. Ukilia lia tu, hutakuwa wa kwanza.

Mumeo mwambie aje naye. Akikataa, vitumbua vya Jumapili auze yeye.

SWALI: Shangazi, naishi hapa Bagamoyo, Dunda. Mke wangu kila taarabu ikija anamtunza mwimbaji wa kiume mbele yangu. Naumia. Nifanyeje?
Mwenye Wivu

JIBU: Anatunzwa wimbo baba, sio mwanaume. Sikiliza maneno kwanza uone anaenda mbele kwenye ubeti upi. Kama ni wa mapenzi, wewe nawe inuka na noti yako mwende wote, watu wawashangilie. Kama ni wa kumsema mtu, kaa chini tulia, hiyo hela inamwendea jirani yenu wa upande wa pili.