Mvinyo wa mchanganyiko haujachakachuliwa, mkuu

Mkuu, umesema ulipata chupa tatu za mvinyo mwekundu kutoka kiwanda kimoja, zote za mchanganyiko wa zabibu, ukazionja jioni moja na kuona ladha ni ile ile. Kisha ukauliza kama mchanganyiko si jina la heshima tu la mabaki yaliyokusanywa yasimwagwe. Nami niliamini hivyo miaka kadhaa, mpaka nikaumbuka mbele za watu.

Hilo la mabaki tulimalize kwanza, maana linakuharibia ulimi kabla hujanywa. Mvinyo wa mabaki upo, sibishi. Lakini Château Margaux na Château Latour, chupa maarufu za Bordeaux, Ufaransa, ambazo watu huzifungia stoo miaka 20, nazo ni mchanganyiko wa zabibu: Cabernet Sauvignon kwa wingi, Merlot, na Cabernet Franc au Petit Verdot kidogo. Kule Châteauneuf-du-Pape, nako Ufaransa, sheria inaruhusu aina 13 za zabibu. Hata chupa yenye jina la zabibu moja kwenye lebo isikupe uhakika: Umoja wa Ulaya unataka zabibu hiyo ifike asilimia 85, Marekani kwa kawaida asilimia 75. Kilichobaki si lazima utajiwe. Kwa hiyo yawezekana umekuwa ukinywa mchanganyiko siku zote, ila hujaambiwa.

Kuchakachua ni kuficha. Anayechanganya mvinyo kwa nia njema anatafuta kitu ambacho zabibu moja imemnyima. Merlot huiva mapema, Cabernet Sauvignon huchelewa. Mvua ikiwahi mwisho wa msimu, ya kwanza imeshavunwa, na baridi ikiunguza maua ya mapema, ya pili bado ina nafasi. Huo ni upande wa shamba. Upande wa mdomo, Cabernet mara nyingi huanza kwa nguvu na kumaliza kwa nguvu, ila katikati ina shimo. Merlot hulijaza lile shimo. Ukishalihisi mara moja hulisahau.

Mimi nililihisi siku ile ya kuumbuka. Tulikuwa wageni sita kwenye kiwanda kidogo, mtengenezaji akatumiminia mchanganyiko wake. Nikanusa, nikafumba macho kama mtaalamu, nikatangaza, "Merlot hii, tena nyingi." Yule bwana akanitazama kwa upole: haikuwamo hata tone. Nilichokiita Merlot kilikuwa Cabernet Franc. Hakunicheka. Alikwenda kuleta chupa nne zisizo na lebo, kila moja na zabibu yake peke yake, kopo la vipimo la mililita 100 na sirinji isiyo na sindano, akasema, "Haya, tengeneza wa kwako."

Nikaweka mililita 60 za Merlot, 30 za Cabernet Sauvignon na 10 za Petit Verdot, kwa sababu ile Petit Verdot ilikuwa na rangi nzuri, nyeusi kama wino. Nikaonja. Loo! Fizi zote zilikauka kana kwamba nimetafuna ndizi mbichi na ganda lake. Nikamwaga, nikarudia kwa 3 tu za Petit Verdot. Ladha yake sikuiona tena popote, lakini ule mvinyo ulikuwa umesimama wima. Bila zile 3 ulilala. Nilirudia mara tatu kuhakikisha sijidanganyi. Mililita tatu ndani ya mia!

Tangu siku hiyo niliacha kuwinda majina ya zabibu ndani ya glasi, na wewe nakushauri uache. Kwenye mchanganyiko mzuri hata wazoefu hukosea. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo huko Bordeaux: waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kama jicho linawahadaa hao, sisi ni nani?

Badala yake fuatilia mwendo. Chukua funda dogo, lizungushe mdomoni, ujiulize: linaanzaje, katikati kuna nini, linaishia wapi? Hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa sababu neno ukakasi tunalo na tunalijua kwa mdomo, si kwa kamusi. Tanini ya maganda, mbegu na mapipa ya mwaloni ndiyo inayoleta ukakasi, na kila zabibu ina ukakasi wa aina yake. Upo unaokamata fizi za mbele, upo unaosugua mashavu kwa ndani, upo laini kama vumbi la chaki juu ya ulimi. Usiuchanganye na uchachu. Uchachu hukutoa mate pembeni mwa ulimi, ukakasi huyakausha. Ukiweza kutenganisha hivyo viwili tu, umeshafika mbali.

Kuhusu kwa nini zako tatu zilifanana, nahisi makosa ni mawili. Umesema ulimaliza ya kwanza ndipo ukafungua ya pili. Hapo hukulinganisha kitu, mkuu, ulikuwa unakunywa (si dhambi, lakini tusiite kuonja). Miminia glasi tatu zinazofanana kwa wakati mmoja, kiasi cha vidole viwili, na mtu mwingine afiche chupa. Nusa zote kabla hujaonja hata moja. Anza na wenye rangi nyepesi, malizia na mzito, kisha urudi kinyume. Tema kama unaweza. Ulimi uliolewa husifia kila kitu.

La pili ni joto. Ule usemi kwamba mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumbani ulitoka kwenye nyumba za baridi za zamani. Lenga nyuzi 16 hadi 18. Ukifika 25 kilevi kinapanda puani na kufunika kila kitu, na hapo chupa zote tatu lazima zifanane. Ukiwa wa baridi mno nao ukakasi unakuwa mkali bila sababu.

Wakati unaonja andika, kwa maneno yako. Vitabu vitakutajia matunda ambayo hujawahi kuyaona. Kama pua yako inakuambia zambarau, pilipili manga au ngozi ya kiatu kipya, andika hivyo hivyo. Ila ukinusa boksi lililolowa maji, tena matunda yote yamekimbia, hiyo si tabia ya zabibu. Ni kizibo kimeharibu mvinyo, rudisha chupa.

Jambo ambalo wengi hulipuuza: bakiza kidogo katika kila chupa, funga, onja tena kesho yake. Mchanganyiko uliounganishwa vibaya huachana usiku kucha, asubuhi unakuta matunda huku, mbao kule, na kilevi kimesimama peke yake. Uliounganishwa vizuri mara nyingi huwa mtulivu zaidi kuliko jana. Hapo ndipo chupa zangu mbili nilizoapa ni mapacha zilipotengana kabisa.

Kisha geuza chupa usome nyuma. Kama wameandika asilimia za zabibu, usizitazame kabla. Onja, andika, halafu fungua majibu. Uje utuambie ile ya pili ilikukakasa wapi, fizi au mashavu.