Vifo 21 vya Tanzania na 1,600 vya Kenya si hesabu moja

Kaka, unasema Tanzania ilitushinda kwa kujifukiza kwa sababu 2020 ilimalizika wakiwa na vifo 21 vya korona na sisi zaidi ya 1,600. Wenzetu waliacha kutoa takwimu mwanzo wa Mei 2020, wakiwa na wagonjwa 509 na vifo hivyo 21. Zilirudi katikati ya 2021, chini ya Rais Samia. Namba iliyosimama si ugonjwa uliosimama.

Na wewe wa Mombasa wakumbuka Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa, hakuna kuingia wala kutoka, na wapimaji wakazunguka mitaani. Namba zetu zikapanda. Kwani ugonjwa ulifika pamoja na vile vijiti vya puani? (Mamangu hadi leo hataki kuvisikia.)

Ukitaka kulinganisha nchi mbili, uliza kwanza waliopimwa wangapi, na waliokutwa na virusi ni asilimia ngapi. Ndipo ugawe vifo kwa idadi ya watu, maana Tanzania ni wengi kuliko sisi. Umri nao huharibu hesabu ukiilinganisha Kenya na Italia yenye wazee tele, ila kwa Tanzania si hoja, sote nchi za vijana.

Kipimo bora ni vifo vya ziada juu ya kawaida ya miaka ya nyuma, lakini hicho chataka kila kifo kiandikishwe. Huku kwetu wako wanaozikwa siku ileile bila kuandikwa popote, kwa hivyo hata hiyo 1,600 yetu ni pungufu.